KINANDA CHA BABU, BATI LA MAFUTA NA SIKIO LA BIBI

Msomaji wangu, kuna makosa mtu unayafanya halafu huna ubavu wa kuyasema nyumbani. Langu mimi ni hili: nilikikalia kinanda cha marehemu babu.

Usicheke. Ilikuwa ndani ya daladala, jioni, watu wamebanana kama dagaa. Kinanda kilikuwa mfuko wa nyuma wa suruali. Kiti kikapatikana, nami kwa tamaa ya kukaa nikajitupa mzima mzima. Nikasikia "kwaa!" Nilijua hapo hapo kwamba nimekwisha.

Nikisema kinanda nina maana ya kinanda cha mdomo, kile ambacho watoto wa mjini mnakiita harmonika. Cha babu ni Hohner ya Kijerumani, matundu 10, kitana cha mbao, mabati juu na chini yamepigiliwa kwa vijimisumari. Babu alikuwa dereva wa malori, Mhangaza wa Ngara, na kinanda hicho kilikuwa redio yake njiani. Tunayo picha moja aliyopiga Benaco mwaka 1994, ameegemea lori la chakula, kinanda mkononi. Ukiangalia vizuri unaona kidole kidogo cha mkono wa kulia hakipo. Kilibaki kwenye mlango wa tela pale Nyakanazi, mwenyewe alipenda kusema kwamba alikilipa kama ushuru wa barabara.

Sasa bibi akapiga simu: "Mume wangu, tunaanua tanga la mzee Jumamosi ijayo. Uje na kinanda, ukipige. Nataka nikisikie mara moja tu, halafu basi."

Mume wangu ni mimi, wenye mabibi mnaelewa utani huo. Nikajibu, "Sawa bibi, nitakuja nacho." Jasho lilinitoka hadi kwenye magoti.

KIJIWENI WANASEMA NI SHABA

Nikakipeleka kijiweni kwa mshikaji wangu mmoja mpiga gita, mtu wa kujua kila kitu. Tukakijaribu. Ukipuliza, kinalia freshi. Ukivuta pumzi, tundu la tatu mpaka la tano hakuna kitu, kinakoroma kama mlevi.

Tulipokifungua sababu ikaonekana. Kinanda hiki kina mabamba mawili yenye ndimi ndogo za chuma. Ndimi za kupuliza zimefungwa bamba la juu, zimelala ndani ya kitana. Ndimi za kuvuta ziko bamba la chini, zimekaa upande wa nje, zinatazamana na bati la kifuniko. Mimi nilikuwa nimelibonyeza bati la chini, likazigusa ndimi. Ulimi ukiguswa hauchezi, na usipocheza hauna sauti. Ndimi zenyewe zilikuwa nzima, namshukuru Mungu.

"Hilo bati tupa," mshikaji akatoa hukumu. "Agiza ya shaba Ulaya. Shaba ndiyo inaleta sauti nzito, tamu. Bati la chuma sauti inakuwa kali, na plastiki ndiyo usiseme, inakuwa kama toi."

Nikamuuliza bei. Akanitajia. Msomaji, kwa hela ile ningelipa kodi ya chumba na chenji ya chipsi ikabaki. Na hata kama ningekuwa nayo, Jumamosi isingesubiri posta.

Nikapanda basi la Ngara na kinanda changu kibovu, nimekifunga kwenye kitambaa kama mgonjwa.

BENACO, MJI WA MABATI

Safari ile ni ndefu, wanaoijua wanaijua. Unaziacha Dodoma, Singida na Kahama, unaingia Biharamulo kwa mlango wa Nyakanazi, unapita Lusahunga penye malori yaliyopangana kama tasbihi, halafu Nyakahura, ndipo unatua Benaco. Hapo njia inagawanyika: moja inakwenda Rusumo na Rwanda, nyingine Ngara mjini mpaka Kabanga na Burundi.

Kwa wale mliokuwa hamjazaliwa: jina Benaco lilitokana na kampuni ya Waitaliano iliyojenga barabara. Dunia nzima ililijua jina hilo mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi wakikimbia Rwanda, na pori likageuka mji wa maturubai. Babu alikuwa mmoja wa madereva waliopeleka chakula. Mwaka 1996 mwezi Desemba wakimbizi wa Rwanda wakarudi kwao. Kilichobaki ni jina, makaburi, na mabati.

Naam, mabati. Mafuta ya kula ya msaada yalikuja kwenye makopo, na makopo yale hayakutupwa. Yakawa koroboi, milango, funeli, mikebe ya kuchotea maji. Mafundi wa upande ule walijifunza kulikunja bati la kopo kama mama anavyokunja kanga.

Mmoja wao nikamkuta karibu na stendi, mzee wa makamo, nyundo mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Koroboi au jiko?"

Nikafungua kitambaa. Akakiangalia kinanda, akakigeuza, akapuliza kidogo, akacheka. "Hiki nakijua. Kuna dereva mmoja alikuwa anakipiga hapa usiku, malori yakishapaki."

Nikanyamaza kidogo. Nikamwambia dereva yule ni babu yangu, na keshokutwa tunaanua tanga lake. Fundi akaweka nyundo chini, akanipa pole, akanivutia kigoda.

VIFUNIKO VITATU, UMBO MOJA

Nikamweleza maneno ya kijiweni kuhusu shaba. Hakubisha. Alisema tu, "Tutengeneze, tusikie."

Alichukua bati la juu, ambalo lilikuwa zima, akachonga kibao cha mti chenye umbo lile lile la mgongo wake. Halafu juu ya kibao hicho hicho akagonga vifuniko vitatu: cha kwanza cha kopo la mafuta, cha pili cha alumini kutoka sufuria iliyotoboka, cha tatu cha shaba ya njano aliyoikata kwenye tangi la redieta ya lori bovu. Umbo moja, upana mmoja, uwazi wa nyuma mmoja. Badala ya misumari tukavibana kwa vipande vya tyubu ya baiskeli huku na huku, ili kubadilisha iwe fasta.

Cha kopo kilipopulizwa mara ya kwanza kilitoa mlio wa nyuki. Nikasema moyoni, si nilijua, bati bovu. Fundi akakitoa, akakunja ukingo wa nyuma mara moja, akagonga kidogo, akarudisha. Nyuki akafa. "Bati jembamba lisilokunjwa linatetemeka lenyewe," akasema. "Ukilikunja ukingo linakaza. Hata mlango wa bati ndivyo ulivyo."

Nikamwuliza kwa nini asichomelee tu lile la zamani kwa risasi. Akanitazama kama mtoto. "Kitu cha kuweka mdomoni unakichomelea risasi? Hiyo ni sumu." Hata ile shaba ya redieta alichagua sehemu ya katikati isiyoguswa na risasi, akaisugua mpaka ikang'aa.

Kabla sijaondoka akaniuliza kama naijua ikembe. Naijua: kile kisanduku chenye vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, wazee wa upande huu wa mpaka na ule wa Burundi wanakiheshimu. "Basi ikembe ina tundu," akasema. "Mpigaji akiliziba na kuliachia, sauti inajikunja. Chuma ni kile kile, kisanduku ni kile kile, tundu tu."

Akanitoza shilingi 5,000, kazi ya nusu siku. Nikamwongeza.

BIBI NYUMA YA PAZIA

Ijumaa jioni nikafika kwa bibi, nje kidogo ya Ngara mjini. Nikaungama dhambi yangu yote. Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Mzee mwenyewe alikikalia mara mbili," akasema. Kumbe!

Nikamwomba anisaidie jaribio. Yeye akae sebuleni, mimi nikae nyuma ya pazia, binamu yangu awe anabadilisha vifuniko kwa siri. Nikapiga kipande kile kile cha wimbo wa kanisani mara tatu, kila mara tukimtajia kifuniko gani kimewekwa, azoee. Halafu mtihani ukaanza, mara sita, bila kumwambia.

Bibi ana sikio, msicheze naye. Anamjua kila jirani kwa kikohozi. Lakini kwenye mtihani ule alipatia mara mbili kati ya sita, sawasawa na mtu anayebahatisha. Kopo la mafuta akaliita shaba. Shaba akaiita sufuria. Binamu yangu akajaribu naye, akachapia vile vile.

Halafu nikafanya ujanja. Nikaacha kifuniko cha kopo, ila nikaziba uwazi wa nyuma kwa kipande cha tyubu, nikaacha upenyo mdogo tu. Sekunde mbili bibi akapaza sauti: "Mbona umekifunika blanketi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Bati lilikuwa limebadilika mara tatu bila mtu kushtuka, na tundu lilipobadilika mara moja tu nyumba nzima ikajua.

KWA NINI IKO HIVYO?

Nisikuchoshe na fizikia, lakini hili ni tamu. Watu wengi tunadhani ulimi wa kinanda unalia kama uzi wa gita. Hapana. Ukiukwanyua kwa ukucha hausikii kitu zaidi ya kamlio kadogo. Sauti inatoka kwenye hewa: ulimi unafungua na kufunga njia ya pumzi mara mamia kwa sekunde, na pumzi iliyokatwakatwa vile ndiyo tunayoisikia. Kodiani ya taarabu ya Zanzibar inafanya kazi hivyo hivyo, na ya mwomboko wa Wakikuyu pia.

Kifuniko basi ni chumba kidogo ambamo sauti inapita kabla ya kutoka nje. Chumba kikiwa wazi nyuma, zile sauti za juu zenye ukali zinatoka zote, kinanda kinalia kwa nguvu na kinang'aa. Kikiwa kimebana, zile za juu zinabaki ndani, sauti inakuwa laini, ya mbali. Ndiyo maana watengenezaji wanachezea mambo hayo. Marine Band ya Hohner, iliyotoka mwaka 1896, ina mabati yaliyo wazi nyuma na vipenyo pembeni. Aina nyingine wameziba pembeni makusudi ili isiwe kali sana.

Chuma cha kifuniko kingekuwa na neno kubwa kama chenyewe ndicho kinacholia. Mwaka 1971 mwanafizikia wa Marekani, John Coltman, alichapisha jaribio la filimbi tatu zenye umbo moja: moja ya fedha, moja ya shaba, moja ya mbao. Wasikilizaji, wakiwemo wanamuziki, hawakuweza kuzitofautisha bila kuziona. Bibi yangu na wataalamu hao wako darasa moja.

Sasa kwa nini mshikaji wangu wa kijiweni anaapa kwa shaba? Simlaumu. Nilipokuwa napiga mwenyewe nilihisi shaba ni nzito mkononi, imetulia. Kopo lilinitekenya midomo. Mpigaji anasikia kwa mikono na meno pia, na macho yake yanajua ametoa hela ngapi. Msikilizaji aliyeko sebuleni hapati hayo yote, yeye anapata hewa tu.

Ukitaka kuona watu waliojua siri ya kuchezea hewa, sikiliza Little Walter wa Chicago aliyefariki mwaka 1968. Yeye alikibana kinanda na maikrofoni pamoja ndani ya viganja, sauti ikawa kama saksafoni. Hapa kwetu, marehemu Hukwe Zawose wa Ugogo, aliyetutoka mwaka 2003, ilimba zake zilikuwa na vitundu vilivyofunikwa kwa utando wa buibui ili vitoe mlio wa kuvuma. Kitu chembamba kama utando kinabadilisha sauti, kwa sababu kimekaa palepale hewa inapopita.

KABLA HUJAPOTEZA HELA

Kwa vijana mnaotaka kununua au kutengeneza, haya ndiyo niliyojifunza kwa jasho langu:

- Kinanda kikipwaya na kula pumzi, usilaumu kifuniko. Angalia kama mabamba ya ndimi yamekaa sawasawa na kitana. Pumzi inavujia hapo.

- Kikikoroma ukivuta, fungua bati la chini kwanza, huenda limegusa ndimi. Kikiwa na mlio wa nyuki, huenda bati halijakaza au limelegea.

- Ukitaka sauti kali, panua uwazi wa nyuma wa bati kidogo kidogo. Ukitaka laini, uzibe kidogo kwa gundi ya karatasi ujaribu kwanza. Ni jaribio la bure.

- Chuma chagua kwa ajili ya afya ya mdomo na maisha ya kinanda. Bati la kopo linashika kutu kwa mate, na ukingo wake unakata midomo. Chuma kisichoshika kutu ndicho kizuri. Wengine nikeli inawawasha ngozi. Na risasi ya kuchomelea, marufuku kabisa.

- Usikiweke mfuko wa nyuma. Hili sina haja ya kulieleza.

LAKINI BABU HAKUWEPO

Sasa nirudi Ijumaa ile usiku, maana hapo ndipo palipokuwa na kesi yenyewe.

Baada ya mtihani nikafunga kifuniko cha kopo la mafuta, kwa kuwa ndicho kilichotoka Benaco. Nikatoka nyuma ya pazia, nikakaa mbele ya bibi, nikaupiga ule wimbo mzima kwa moyo wote, viganja nimevifumba vizuri kama vitabu vinavyofundisha.

Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Akasema polepole, "Umepiga vizuri, mume wangu. Kinanda ni chake. Ila yeye hayumo."

Maneno yale yaliniuma kuliko kama angenitukana. Nikaanza kuwaza tena ile shaba ya Ulaya, nikawaza bati la zamani, labda kweli roho ilikuwa mle. Nikalitoa begani mwa mkoba, limebonyea vile vile. Nikaangalia ile picha ya Benaco ukutani. Lori. Babu. Kinanda.

Kidole.

Nikafumba viganja tena, lakini safari hii nikakikunja kidole kidogo cha mkono wa kulia nyuma, kisishike kitu. Kwenye viganja pakabaki upenyo, pale pale alipokuwa nao yeye. Nikapuliza. Sauti ikatoka na kaupepo fulani, kama mtu anayeimba huku ametabasamu upande mmoja wa mdomo. Nilipofungua na kufunga mkono, haikusema "wa-wa" kamili, ilijikwaa kidogo katikati.

Viganja ndicho kifuniko cha pili, msomaji. Ni chumba kikubwa kuliko hata kile cha bati, na cha babu kilikuwa na dirisha ambalo hakuna kiwanda kinaloweza kulitengeneza.

Sikumwangalia bibi, niliogopa. Nilimaliza ubeti mmoja, wa pili, nikasimama. Kimya. Binamu yangu alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la maharage, hatikisiki.

Bibi akavuta kanga yake, akajifuta uso. Akasema: "Haya. Sasa amefika. Mtengeeni chakula."

Jumamosi tukaanua tanga. Nilipiga mbele ya watu wote nikiwa na vidole tisa, na kifuniko chenye maandishi ya mafuta ya msaada upande wa chini. Wazee wawili waliowahi kupanda lori lake walitikisa vichwa. Hakuna aliyeniuliza bati ni la nini.

Mshikaji wangu wa kijiweni bado anabisha, anasema ningekuwa na shaba ingekuwa bomba zaidi. Nimemwambia aende Ngara akabishane na bibi, ila akae nyuma ya pazia.

Kazi kwako!